Sufuria za Bi Khuleita

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na mawaridi yanayozunguka,
dhahabu juu ya zambarau,
na taarabu iliyoanza kujipiga kabla hujauliza.
Nilikuwa nimesoma wiki tatu, Makupa, ghorofa ya pili,
juu ya duka la matairi,
na kila nilichojifunza nilikimimina pale
kama mpishi aliyeonjeshwa iliki jana.

Mwalimu Lewa aliutazama. Akafunga laptopu taratibu.
"Kesho hatukai darasani. Nendeni Marikiti.
Msinunue kitu. Tazameni macho ya watu yanatua wapi."

Nikasimama saa nzima kati ya bizari na jua.
Meza moja ilikuwa na mdalasini, ubani, betri, nyembe, hina,
vyote vikiita kwa pamoja,
na watu wakaipita kama wanavyoupita ugomvi wa jirani.
Ya pili ilikuwa na mafungu matatu ya pilipili manga
na kipande cha boksi: HAMSINI.
Baina ya fungu na fungu, meza tupu.
Nikaandika daftarini: utupu nao unauza.
Nikakata. Nikaandika: bila utupu, fungu halionekani.

Nikarudi Bondeni kwa Bi Khuleita,
mwenye kukodisha sufuria, mikeka, mahema, birika za kahawa.
Nikang'oa mawaridi. Nikazima muziki
(alisikitika; wimbo ule aliupenda).
Herufi nikazinenepesha, nyeusi juu ya weupe.
Kisha simu nikampa jirani yake, Bi Zena, mwenye mtoto wa jicho:
"Agiza sufuria mbili."
Nikafumba mdomo. Ndiyo sharti la Lewa:
usimsaidie, mtazame kidole.

Kidole kilizunguka.
Kikagusa picha ya sufuria; picha haikuitika.
Kikagusa tena, kwa nguvu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye mlango uliochorwa ukutani.
"Niwie radhi, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye mjinga."

Neno lile nikalibeba hadi kwetu Kisauni.
Mwanamke anayepika biriani ya watu mia nne
kwa kipimo cha jicho hilohilo bovu
ananiomba radhi mimi,
kwa kitufe nilichokificha nyuma ya vistari vitatu
kwa kuwa nilikiona kwa wengine kimefichwa, kikanipendeza.

Nikajenga upya.
Picha ikawa mlango. Bei ikapanda juu, isione haya.
Picha nikazipunguza uzito,
maana bando la shilingi ishirini
halistahili kuliwa na sufuria moja.

Nikadhani nimemaliza,
hadi Bi Khuleita, akihesabu vifuniko, akanitupia
bila hata kuinua kichwa:
"Nusu ya wanaonipigia hawana harusi. Wana maiti ndani."

Mwenye maiti ndani hatafuti.
Mkono wake unatetemeka, macho yana maji,
herufi ndogo zinaelea.
Usimuulize barua pepe. Usimdai nywila.
Muulize ngapi, wapi, saa ngapi,
umwachie njia.

Sasa ukurasa una milango miwili tu:
HARUSI. MSIBA.
Wa kwanza nimeuachia waridi moja, lililotulia.
Wa pili hauna ua.

Juzi, saa nane za usiku, simu ya Bi Khuleita ikalia mlio mfupi.
Mikindani. Sufuria nne, mikeka kumi, alfajiri.
Ukurasa ukajibu kama nilivyoufundisha:
Tumepokea. Gari litafika mapema.
Makiwa.

Chini yake kuna kisanduku kidogo cha maelezo,
ambacho wiki nzima nilikuwa nataka kukifuta
kwa sababu hakuna aliyewahi kukigusa.
Mtu alikuwa ameandika humo, kwa herufi ndogo, bila nukta,
tunayo